Duka la Kale na Pambo la Nyumba

Mtu mwenye nia ya kuipamba nyumba yake huyatafuta mambo mengi mbali, katika majarida ya ugenini na katika maghala ya samani ziletwazo kwa meli, ilhali angeyapata karibu kama angepita taratibu katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, toka Mkunazini hata Hurumzi na toka Hurumzi hata Malindi, akayatazama maduka ya zamani kwa jicho la mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini rafu ile imewekwa pale, kwa nini kaunta ina kimo kile, na kwa nini chumba chembamba kisicho na dirisha hakimchoshi mtu aliyekaa ndani yake toka asubuhi hata magharibi. Maduka hayo yalijengwa na watu waliojua thamani ya kila shubiri ya nafasi. Akili waliyoitumia ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, pamoja na habari za samani kuukuu zilizotoka katika maduka hayo na katika majumba ya jirani zake, jinsi ya kuzichagua, kuzitengeneza na kuzitia kazini tena. Maana naamini kwa moyo wangu wote kwamba kitu cha kale hakistahili kuletwa nyumbani kikae bure kama mateka, wala hakistahili kung'olewa mahali ambapo bado kinafanya kazi yake.

Duka la namna hii lilienea katika karne ya 19, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipoyahamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na wafanyabiashara wa Kihindi, Mabohora, Makhoja, Mabaniani na wengineo waliotoka Kachi na Gujarati, wakaifuata neema ya karafuu na pembe za ndovu. Nyumba zao zilisimama ubavu kwa ubavu zikiielekea njia, duka chini na maskani juu, hata mwenye duka akawa anashuka ngazi kwenda kazini na kupanda ngazi kurudi kwa ahali zake. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kulizuia joto la mchana, na dari zikalazwa juu ya boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ya mkoko iliyonyooka haipatikani kwa urefu mkubwa, upana wa chumba aghalabu haukupita mita 3. Ndani ya kipimo hicho ilimpasa mwenye duka aweke mchele, samli, nguo, misumari, sabuni na bizari, apate pa kukaa yeye, mteja apate pa kusimama, na jioni papatikane mahali pa kuhesabia fedha. Bidhaa hazikuwa na pa kwenda isipokuwa juu, na ndipo ukuta mzima, toka sakafuni hata karibu na boriti, ulipogeuzwa kuwa rafu.

Ukizitazama rafu hizo kwa makini utaona kwamba aghalabu hazilingani kina. Za chini ni pana, zilitengenezwa kupokea magunia na madebe. Na kila zinapopanda juu huzidi kuwa nyembamba, hata ile ya mwisho haichukui zaidi ya kopo moja kwenda ndani. Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani mkono wa mtu hauwezi kufika mbali unapokuwa umeinuliwa juu ya kichwa, na kitu kilichosukumwa nyuma ya kingine katika rafu ya juu ni sawa na kitu kilichopotea. Tena rafu nyembamba haiuzuii mwanga usishuke, wala haimwelemei mtu aliyesimama mbele yake. Makabati mengi ya jikoni yauzwayo leo yana kina kimoja katika rafu zake zote, na kila mama anayeyatumia anajua ni sahani ngapi na mabakuli mangapi yaliyolala nyuma miaka nenda miaka rudi bila kuguswa. Mwenye kutaka kujenga jiko jipya angefanya vyema kumpeleka seremala wake katika duka la kale, ampimishe rafu zile kwa futi yake mwenyewe, kisha amwambie: nitengenezee hivi.

Kaunta nayo ina nyuso mbili, na hilo ndilo la kulizingatia. Uso unaomwelekea mteja ni wa heshima: mbao zake zimegawanywa katika miraba, pengine zikatiwa nakshi kidogo au kioo cha kuonyeshea bidhaa za thamani. Uso unaomwelekea mwenye duka ni wa kazi tupu: saraka za fedha, mahali pa daftari, tundu la kuning'inizia mizani, ndoana ya kamba za kufungia. Kwa hiyo kaunta ya duka ikiwekwa katika nyumba ya leo baina ya jiko na ukumbi, pale ambapo wajenzi wa siku hizi wanapenda kuacha wazi pasi na ukuta, hufaa kuliko meza yoyote niijuayo, maana mgeni aliyekaa ukumbini huuona uso wa heshima, na mpishi aliye upande wa pili huzipata saraka na visu vyake bila ya fujo yake kuonekana. Kimo chake, ambacho hukaribia sentimita 90, kilipimwa kwa mtu mzima aliyesimama akifanya kazi saa nyingi, na mgongo wa mpishi utashukuru kama ulivyoshukuru mgongo wa muuza duka.

Juu ya mwanga, duka la Mji Mkongwe lina ufundi wake. Mlango wake wa Kigujarati, uliotengenezwa kwa mbao za msaji zilizogawanywa miraba midogo, una mapande kadhaa yaliyoungwa kwa bawaba, nayo hukunjana yakaegemea pembeni hata uso mzima wa duka ukawa wazi mbele ya baraza. Mwanga basi huingia kwa upande mmoja tu, na mwenye duka aliyejua kazi yake aliupanga mzigo wake kwa kuufuata mwanga huo: nguo za rangi na machupa ya vioo mbele au ukutani pale panapopigwa na nuru, magunia na madebe nyuma gizani, na pengine kioo kikubwa cha kujitazamia katika ukuta wa mwisho ili nuru ikifika huko irudi. Wengi wetu mijini tunaishi katika vyumba vyenye dirisha moja, tukaziba dirisha hilo kwa kabati la nguo, kisha tukawasha taa mchana. Kuhamisha kabati na kutundika kioo mkabala wa dirisha hakuna gharama, na tofauti yake huonekana siku ile ile.

Desturi ya kuugeuza ukuta kuwa hazina haikuanza na duka. Katika nyumba za mawe za Lamu, zile za karne ya 18 hasa, chumba cha ndani kilipambwa kwa zidaka, vishubaka vilivyofinyangwa kwa chokaa safu juu ya safu, na humo zikapangwa sahani na bakuli za Kichina. Na huku Unguja, Sayyida Salme, binti wa yule Seyyid Said, aliyezaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, jinsi kuta za vyumba walivyokaa zilivyokuwa na mashubaka yaliyofika karibu na dari, yakagawanywa kwa rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu yake vikapangwa kwa ulinganifu vyombo vya kioo na kauri vya thamani kubwa, pamoja na vioo vya kujitazamia na saa. Kasri na duka vilitengana kwa mali na daraja, walakini vyote viwili vilikataa kuvificha vyombo ndani ya makabati, vikavipanga wazi ukutani mahali ambapo jicho linavifurahia na mkono unavifikia. Ndiyo maana sioni ugeni wowote mtu wa pwani anapochukua fikira kutoka dukani kuipamba nyumba yake. Ulaya na Marekani nako leo watu hulipa fedha nyingi kununua makabati ya saraka yaliyotoka katika maduka ya dawa na ya misumari, wakayaweka vyumbani mwao. Sisi tulikuwa na duka na nyumba chini ya paa moja zamani zote hizo.

Samani zenyewe zilitoka wapi? Msaji mwingi ulivuka bahari kutoka pwani ya Malabari, ukifuata upepo wa kaskazi ndani ya majahazi; makasha ya njumu, yenye misumari na mabamba ya shaba yaliyopangwa kwa nakshi, mengi yake yalitengenezwa Surati na Bombay; vitanda vya samadari vilikuja kwa njia hiyo hiyo, au viliigwa na maseremala wa hapa. Wenyeji wakaongeza yao: viti vya enzi vilivyonyooka mgongo, vilivyotiwa vipande vya pembe na kusukwa kwa uzi, na milango ya mvule, mfenesi na mbambakofi iliyochongwa na mafundi ambao majina yao hayakuandikwa.

Lakini pana jambo jingine katika asili ya samani hizi ambalo wauzaji hawapendi kulitaja, nami naona ni insafu kulisema. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 watu wengi waliondoka Unguja, Waarabu na Wahindi hasa, baadhi yao kwa haraka isiyowapa nafasi ya kufunga mizigo, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe zikachukuliwa na serikali. Makasha, saa za ukutani, almari na vitanda vikabaki nyuma au vikauzwa kwa bei ya kutupa. Na sehemu kubwa ya vile vilivyozunguka sokoni kwa miaka iliyofuata ilianza safari yake katika msiba huo. Hayo simwambii mnunuzi ili aone haya ya kununua. Nataka ajue kwamba kasha analolitazama lilikuwa la bibi harusi fulani, lilijazwa kanga na udi na barua, na kwa hiyo analipokea kama amana. Mtu anayelijua hilo hatalitoboa ubavu apitishe waya wa televisheni.

Tuje katika kuchagua. Almari ya duka au meza ya fundi cherehani usiihukumu kwa uso wake, maana uso unaweza kupakwa vanishi asubuhi na kuuzwa jioni kwa jina la ukale. Vuta saraka itoke yote, uipindue, ukatazame pembe zake. Mbao zilizokatwa kwa mkono huumana kwa meno yasiyolingana sana, na juu ya ubao wa chini utaziona alama za msumeno au za randa zilizopishana. Meno yaliyolingana sawasawa na ubao laini pande zote ni kazi ya mashine. Tazama na mahali ambapo saraka husuguana na njia yake: kitu kilichotumika miaka hamsini huwa kimelika hapo, kikaacha ufa au mteremko ambao mwongo hana subira ya kuuiga. Nimeiona kwa seremala mmoja wa Unguja kaunta iliyolika ukingoni kwa upande wa mwenye duka, mahali pamoja tu, upana wa kiganja. Hapo ndipo sarafu zilipokuwa zikiburutwa kutoka juu ya ubao na kuangukia saraka, siku baada ya siku, hata msaji wenyewe, mti mgumu ule, ukafanya kishimo laini kinachopokea vidole. Seremala alikuwa ametumwa na tajiri wake akijaze kwa gundi na unga wa mbao ili ukingo unyooke, naye alikuwa akikawia kwa makusudi akitumaini kwamba tajiri atabadili fikira. Namuunga mkono kwa dhati. Kishimo kile kilikuwa ndicho kitu pekee katika kaunta ile kisichoweza kununuliwa kwa fundi yeyote duniani.

Adui wa samani ni wawili, bungua na mchwa, na mnunuzi awatafute kabla ya kutoa fedha. Vitundu vidogo vya mviringo si hatari vyenyewe kama ni vikavu na vyeusi ndani, kwani huenda bungua aliondoka zamani. Bali ukiona unga mpya uliomwagika chini ya mguu wa meza, jua kwamba angali ndani anakula. Mbao za namna hiyo zitengwe na samani nyingine, zitiwe dawa ya wadudu na mtu anayeijua, na zikae mpaka unga ukome kabisa. Msaji wenyewe una mafuta yanayowachukiza wadudu. Mara nyingi kinacholiwa ni ubao wa mgongo, ambao maseremala wa maduka waliutoa katika mbao nyepesi za masanduku ya bidhaa, na si ajabu kukuta juu yake herufi za muhuri wa mzigo uliokwisha kusahauliwa. Ukiweza kuuokoa ubao huo, uokoe.

Rangi kuukuu inataka hadhari zaidi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, nayo risasi ikisuguliwa kwa msasa mkavu huwa vumbi linaloingia kifuani, na watoto ndio wanaodhurika kuliko wote. Kwa hiyo kazi hiyo ifanywe nje, kwa maji, na kinywa na pua vikiwa vimefunikwa, au rangi iachwe ilivyo kama imeshikana vizuri. Kwa upande wangu napenda iachwe. Almari ya duka iliyopakwa samawati, kisha kijani, kisha tena samawati, na rangi zote tatu zikachungulia pale zilipobanduka, haina sababu ya kukwanguliwa hata ubao ukabaki uchi. Miguu iliyolegea ifunguliwe viungo na kutiwa gundi upya, wala isipigiliwe misumari, kwani msumari huupasua ulimi wa kiungo na baada ya mwaka kitu hulegea tena. Shaba za kasha zisuguliwe kwa ndimu na jivu laini, zikaoshwe upesi na kukaushwa, zipate kung'aa kwa kiasi bila ya kumeremeta kama zilizotoka kiwandani.

Jambo moja juu ya kuta, kwa wenye nyumba za mawe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu wake huingia na kutoka, na anayeupaka saruji ili apate uso laini wa kutundikia makabati huufungia unyevu ndani, plasta ikavimba na kuanguka, na chumvi ikatokea. Rafu nzito katika nyumba hizo isimame yenyewe juu ya sakafu, iache nafasi ya vidole viwili nyuma yake hewa ipite.

Ziko pia mbao za baharini. Jahazi lililozeeka likapandishwa ufukoni, huko Lamu na visiwani mwake hasa, huvunjwa, na mbao zake sasa hutafutwa na mafundi wa meza, vitanda na fremu za vioo. Ni mbao zenye uzuri wa peke yake: matundu ya misumari yenye duara jeusi pale chuma kilipokutana na mti, nyufa zilizojazwa kalafati, na mabaki ya deheni iliyopakwa sehemu inayozama majini. Lakini mti uliokaa baharini umeshiba chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa hata ndani ya nyumba, ikaozesha kila msumari mpya utakaopigwa. Fundi mwangalifu huziosha mbao hizo kwa maji baridi mara nyingi, au huziacha zinyeshewe na masika nzima, kisha huzikausha kivulini taratibu. Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yaliyopakwa chombo, haitoki yote. Siku za mvua huirudia meza, na mwenye kuichukia asinunue. Mataruma, zile mbavu za chombo, zilikatwa tangu mwanzo katika miti iliyojipinda yenyewe, na fundi anayezipasua ili apate mbao zilizonyooka anaiharibu kazi iliyofanywa na mti kwa miaka mingi. Zinatosha kuwa miguu ya meza au mikono ya rafu kwa pindo lake lile lile.

Nimeiacha milango mwisho kwa kuwa ndiyo inayotamaniwa kuliko vyote na ndiyo iliyoteswa kuliko vyote. Mlango uliochongwa, wenye miimo yake, mfaa wake wa katikati na kizingiti cha juu chenye maandishi, si samani. Ni kiungo cha nyumba, na ukiutoa umeiacha nyumba wazi na njia yake imepungukiwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ya Tanzania Bara imeilinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Sheria ya Kenya inaitaja ile ya kabla ya mwaka 1946. Nao Mji Mkongwe wa Unguja, ambao tangu mwaka 1985 una mamlaka yake ya hifadhi na uendelezaji, na ambao uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hauruhusu nyumba zake zibadilishwe bila ya idhini. Hata hivyo milango imetoka, mingine usiku, ikaishia kuwa meza za kahawa chini ya vioo katika nchi ambazo hakuna anayeweza kuyasoma yaliyochongwa juu yake. Pasipo mnunuzi hapana wizi wa namna hii, na wanunuzi ndio sisi tunaopenda vitu vizuri.

Kwa hiyo anayeletewa mlango wa kale na kuambiwa kuwa nyumba yake ilianguka, na aulize nyumba ipi, mtaa gani, na hati iko kwa nani. Akikosa jibu, auache. Kaunta, rafu, almari na meza za duka lililofungwa hazina shida hiyo, kwani zilitengenezwa zihamishike, na zikikosa mnunuzi huwa kuni. Na kama moyo wake hautulii ila kwa mlango, wachongaji wako, Lamu na Unguja, vijana kwa wazee, wanaofanya kazi kwa patasi na nyundo ya mti kama walivyofunzwa, nao wanataka kazi. Na ampelekee mmoja wao kipimo cha uwazi wa nyumba yake, akubaliane naye juu ya mti, mninga au mfenesi au mvule kwa kadiri ya mfuko wake, amlipe ujira wa miezi itakayopita, na juu ya kizingiti amwambie achonge mwaka wa leo waziwazi, kama walivyofanya wachongaji wa zamani walioandika mwaka wa Hijra, ili atakayeununua baada ya karne moja ajue ni wa lini.